Mzee Asiyevuka Maji

Wahenga hawakuona haya walipotunga methali. Walisema mficha uchi hazai, wakaiacha hapo. Maana yake ni kwamba mtu anayeficha upungufu wake hapati wa kumsaidia, na jambo analolitamani humpita akilitazama. Ataikumbatia siri yake mpaka siri immalize. Nusura yamfike hayo Muthamia wa Kibirichia.

Muthamia alikuwa mkulima wa viazi. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko, mahali ambapo ukungu hushuka asubuhi ukaketi juu ya viazi kama kuku anayeatamia mayai. Alikuwa mtu wa mikono mipana na maneno machache, na hakupenda kukosolewa. Alivijua viazi, aliwajua ng'ombe, aliijua baridi. Maji aliyoyajua yalikuwa ya pipa na ya kijito kilichopita chini ya shamba, kijito ambacho mtu hukivuka kwa hatua moja bila kulowesha kiatu.

Alikuwa na mke, Marcella, na mtoto mmoja tu, Kanana. Kanana aliolewa mbali. Mumewe, Nyamu, alikuwa Mmbeere aliyepanda Kibirichia kuendesha trekta katika mashamba ya ngano. Vijana walipendana, mahari ikatolewa, mbuzi wakaliwa. Kisha serikali ikaufunga mto Tana kwa bwawa kubwa. Maji yakapanda, yakameza mabonde ya Mbeere yakawa ziwa, na Nyamu akarudi kwao kuvua samaki. Boma lao lilibaki kwenye kilima kilichozungukwa na maji pande tatu. Upande wa nne ulikuwa na vichaka, viboko na vijito viwili vilivyojaa maji ya ziwa. Mgeni aliyekwenda huko alipanda mashua. Hapakuwa na njia nyingine.

Marcella alipofariki, nyumba ya Muthamia ikawa kubwa ghafla. Mwaka haukuisha kabla hajaamua kwenda kumtazama mwanawe. Alichagua viazi vizuri, akajaza gunia, akavaa koti la kanisani, akasafiri mpaka Embu, kutoka Embu mpaka Gachoka, na kutoka Gachoka akateremka kwenye joto mpaka ukingoni mwa ziwa.

Nyamu alikuwa akimsubiri. Alisimama majini, suruali imekunjwa magotini, ameishika mashua yake ndogo ya mbao.

"Karibu, Mzee. Gunia nitaliweka mbele. Wewe kaa hapa katikati."

Muthamia aliyatazama yale maji. Hakuwahi kuona maji yaliyolala namna ile, mengi, yasiyokwenda popote. Ng'ambo, mdogo kama kidole, mwanamke alikuwa akipunga leso. Alikuwa Kanana.

Aliweka mguu ndani ya mashua. Mashua ikacheza kama ndama aliyeguswa mgongoni. Mguu ukarudi wenyewe.

"Sivuki," alisema.

"Kuna nini, Mzee?"

Neno moja lingetosha hapo. Lakini aliyeuliza alikuwa mkwe wake, na wavuvi wawili waliokuwa wakishona nyavu walikuwa wameinua vichwa. Mwanamume mzima, mwenye shamba na ng'ombe, amwambie mume wa binti yake kwamba anaogopa? Kinywa chake kilitafuta pa kujificha, kikapapata.

"Kwetu mzee havuki maji kwenda kula kwa binti yake," alisema. "Ni mila."

Wavuvi wakatikisa vichwa kwa heshima. Mila ya watu haichekwi.

"Hatukujua, Mzee," alisema Nyamu. "Utusamehe."

"Chukua viazi," alisema Muthamia. Akageuka, akapanda kilima. Nyuma yake leso iliendelea kupungwa kwa muda, kisha ikashuka.

Baada ya miezi michache Kanana alifika Kibirichia akiwa amembeba mgongoni mtoto wake wa kwanza, Njura, aliyepewa jina la baba yake Nyamu. Hakuketi.

"Baba, mila gani hii? Nimezaliwa hapa, nimelelewa hapa, sijaisikia. Mzee Kiogora huvuka mto kila mwaka akienda kwa binti yake Tharaka. Sema tu nimekukosea nini."

Mtu akishadanganya mara moja, uwongo wa kwanza huuomba wa pili uje kuushikilia. "Si mila ya Wameru wote," alisema Muthamia. "Ni mwiko wa jina. Babu aliyeitwa Muthamia aliniachia jina na mwiko wake. Kila Muthamia huurithi."

"Kwa hiyo hutakuja kamwe."

"Njooni nyinyi."

"Nimekuja," alisema Kanana. Akaifunga vizuri leso ya mtoto, akatoka. Chai aliyokuwa ameandaliwa ilibaki mezani ikitoa mvuke. Hakurudi tena.

Upweke una namna yake ya kumla mtu. Haumli kwa kishindo. Muthamia alizoea kupikia sufuria ileile aliyoitumia Marcella, na kila jioni viazi vilizidi. Alivibeba nje akawapa kuku. Kanisani aliketi kwenye benchi lilelile, akaacha nafasi ya mtu kando yake bila kujua kwamba ameiacha. Alianza kuzungumza na ng'ombe, kisha akaacha, kwa sababu ng'ombe walimtazama kana kwamba wanasubiri amalizie.

Kiogora, mtu wa rika lake aliyetahiriwa pamoja naye, alikuwa akipitia kwake akitoka kanisani.

"Rika, wewe na shamba lako mmefanana," Kiogora alimwambia. "Wote mko kimya."

"Viazi havijibu."

"Kwa sababu huviulizi kitu. Nenda ukamwone mwanao."

"Unajua kuna mwiko."

"Mimi nilimjua babu yako," alisema Kiogora, akichokoa meno. "Mwiko wake pekee ulikuwa kufanya kazi."

Muthamia hakucheka. Aliinua jembe, na Kiogora akajua mazungumzo yamekwisha.

Miaka ikapita namna hiyo mpaka siku Beth alipokuja kununua viazi. Beth alikuwa mfanyabiashara kutoka Gachoka, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia soko zima. Alinunua viazi Kibirichia akaviuza kule chini kwenye joto. Alikuwa akikagua magunia aliposema, "Mzee, wajina wako anatembea sasa. Ana miguu kama kwato, hashikiki."

"Wajina yupi?"

Beth aliinuka, mikono kiunoni. "Huna habari? Kanana alipata mtoto wa pili wa kiume. Alimwita Muthamia, si ndiyo desturi? Wa pili ni wa baba ya mama. Lakini kule ziwani wanamwita Havuki." Akaangua kicheko. "Havuki! Kitoto cha watu!"

"Havuki kwa nini?"

"Si kwa sababu ya mwiko wenu? Yule mama yake Nyamu, Peninah, ameukamata kuliko nyinyi wenyewe. Anasema aliyebeba jina amebeba na miiko yake. Mtoto hajapandishwa mashua tangu azaliwe. Mama wengine wamewavusha watoto kwenda zahanati kudungwa sindano ya surua. Kanana alitaka kumbeba, bibi akaketi ndani ya mashua akasema wamzamishe yeye kwanza. Hata Nyamu anasita. Mtu anayekula kutoka ziwani hachezi na miiko ya maji." Kicheko kilikuwa kimemwishia. "Na surua iko, Mzee. Imeingia vijiji vya jirani. Si mchezo."

Muthamia aliketi juu ya gunia. Alikuwa na mjukuu mwenye jina lake, na jina hilo ndilo lililokuwa limemfunga mtoto kwenye kilima kama mbuzi kwenye kigingi.

"Waambie mtoto avuke," alisema. "Waambie mimi mwenyewe nimesema. Mwiko hauwashiki watoto."

Beth alipeleka maneno hayo. Aliporudi kwa ajili ya viazi vingine, alileta jibu. "Peninah amesema mwiko haufunguliwi kwa kinywa cha mwuza viazi. Mwenye jina aje avuke mwenyewe, wamwone akitoka mzima upande wa pili. Hapo mtoto atavuka."

"Na Kanana amesemaje?"

"Kanana hakusema neno."

Ukweli ulikuwa umemfika kooni. Beth alikuwa amesimama palepale, amebakisha kuambiwa tu. Lakini Muthamia alifikiri jinsi habari ile ingeuzwa Gachoka pamoja na viazi, ya mzee wa Meru aliyeogopa maji akayaita mila. Aliumeza ukweli ukashuka kama kiazi cha moto. Aliamua kujifunza kuogelea, peke yake, bila mtu kujua. Akishajua maji, atakwenda, atavuka kama mwanamume, na aibu yake itazikwa bila kuonekana na mtu.

Kibirichia haikuwa na mtu anayeogelea. Lakini upande wa chini, katika shamba lililokuwa la mzungu zamani, palikuwa na bwawa la kunyweshea ng'ombe. Muthamia alianzia nyumbani. Alilala kifudifudi juu ya benchi akatupa mikono mbele na kurusha miguu nyuma, kama alivyowahi kumwona chura akifanya. Siku moja Kiogora aliingia bila kubisha hodi.

"Umeanguka?"

"Natafuta sindano," alisema Muthamia, uso ukiwa chini ya benchi.

"Kwa miguu?"

"Kiogora, nenda nyumbani."

Kiogora alisimama mlangoni kidogo. "Rika, ukiwa mgonjwa utaniambia?"

"Si mgonjwa."

Kiogora akaenda. Hapo tena mlango ulikuwa umefunguliwa, na Muthamia ndiye aliyeufunga.

Alikwenda bwawani alfajiri wakati nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi. Alivua nguo akabaki na kaptura kuukuu, akajifunga mtungi mtupu wa plastiki kifuani kwa kamba ya katani, akaingia. Maji yalimkata miguu kama shoka. Matope yalimshika nyayo. Alisonga mpaka maji yakafika kwapani, akajilaza mbele kama alivyofanya kwenye benchi.

Benchi halisogei. Maji yalimgeuza. Kamba ililegea, mtungi ukachomoka ukaelea zake, na Muthamia akaenda chini. Alifungua kinywa kuita, kikajaa. Hakujua juu ni wapi. Mikono yake ilipapasa mpaka ikagusa nguzo ya ua wa zamani uliokuwa umefunikwa na maji. Aliikumbatia, akajivuta, akatambaa mpaka akatoka, akalala kwenye kinyesi cha ng'ombe akitapika maji ya kahawia.

Ng'ombe walikuja kunywa. Walimzunguka bila kujali.

Alilala pale akitetemeka, na wazo moja likamjia, baridi kuliko maji. Kama angalikufa, nani angalimtafuta? Labda Kiogora, baada ya ibada ya Jumapili. Kuku wangalikuwa wa kwanza kujua, kwa kukosa viazi. Hilo lilikuwa chungu, lakini lililofuata lilikuwa chungu zaidi. Habari ingalifika Mbeere kwamba Muthamia ameingia majini na maji yamemuua. Peninah angalisema, "Mmeona?" Na yule mtoto asingalivuka kamwe. Kifo chake kingaliufanya uwongo wake kuwa kweli.

Aliinuka. Alikwenda nyumbani akaoga, akavaa koti la kanisani. Alipita kwa Kiogora akamwachia ufunguo.

"Uwape kuku chakula. Nakwenda kwa Kanana."

"Na mwiko?"

"Hakuna mwiko. Naogopa maji, Kiogora. Ni hivyo tu."

Kiogora aliutia ufunguo mfukoni. Muthamia alisubiri kicheko.

"Mimi naogopa ngazi," alisema Kiogora. "Lile paa langu linavuja tangu Uhuru. Nenda."

Nyamu alikuwa akitoa samaki kwenye nyavu alipomwona mkwe wake akishuka kilima. Alipangusa mikono akasimama kwa adabu.

"Nyamu," alisema Muthamia kabla hajaamkiwa, maana alijua akiketi hatasema. "Hapajawahi kuwa na mwiko. Babu yangu hakuniachia kitu. Siku ile niliogopa maji, nikaona haya kukwambia. Mpaka leo ninaogopa."

Samaki alirukaruka kwenye mchanga kati yao.

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii."

"Kanana amelia katika nyumba yangu akidhani baba yake amemkataa. Mama yangu amemnyima mtoto wangu sindano. Kwa sababu ya mguu wako?"

"Kwa sababu ya mguu wangu."

Nyamu aliushika wavu akaurusha chini kwa nguvu. "Ungekuwa si mkwe wangu..."

"Sema."

"Siwezi kusema! Ndiyo heshima yenyewe." Alipumua. "Panda tuvuke. Ukamwambie mama kwa kinywa chako, maana mimi hataniamini."

Muthamia aliingia ndani ya mashua. Iliyumba. Aliruka akasimama, na Nyamu akaing'ang'ania kwa mikono yote isipinduke.

"Mzee, shuka. Ukisimama hivyo katikati ya ziwa tutakufa sote. Anayesimama ni yule anayedhani maji kazi yake ni kumeza. Ni lazima kwanza ujue kwamba maji hubeba."

"Nifundishe."

Nyamu alirudi nyuma kana kwamba ameonyeshwa nyoka. "Mimi? Mzee, unajua unachosema?"

Alijua. Kwa Wameru na kwa Wambeere pia, mkwe hauoni mwili wa mkwewe, sembuse kuugusa. Wakikutana njiani hupeana nafasi. Mmoja akivua shati, mwingine hutafuta pa kutazama. Na kuogelea hakufundishwi kwa mdomo.

"Tafuta mtu mwingine," alisema Nyamu. "Nitamwita mvuvi mwingine."

"Mvuvi mwingine sijamkosea. Nimekukosea wewe. Heshima hii ndiyo niliyojifichia, ikanifukuza hapa. Iweke chini siku chache. Mbuzi wa kuisafisha nitamtoa mimi."

"Mbuzi hutolewa na mwenye kosa."

"Na hapa mwenye kosa ni nani?"

Nyamu alitaka kukasirika tena, akashindwa. Kona ya mdomo wake ikasogea. "Awe mbuzi mkubwa," alisema.

Wanawake wa upande huu wa ziwa walikuwa na mahali pao pa kuteka maji, palipozungushiwa ua wa matawi ya miiba yaliyopangwa ndani ya ziwa ili mamba asiingie. Mchana, wakati wa jua kali, hapakuwa na watu. Hapo ndipo Muthamia alipovua koti, shati na kofia, akaingia majini na kaptura yake kuukuu, mwili usioonja jua, mweupe kama kiazi kilichomenywa kuanzia shingoni kwenda chini.

"Lala," alisema Nyamu.

"Nilale wapi?"

"Juu ya maji. Chali."

"Maji si kitanda."

"Leo ni kitanda, Mzee. Legeza shingo. Umeikaza kama fahali mwenye nira."

Nyamu alimwekea mkono mmoja chini ya mgongo. Uso aliugeuza upande wa vilima, kwa adabu. Hivyo hakuona kichwa cha mkwe wake kikizama. Muthamia alikunywa maji, akapigapiga, akaibuka akikohoa.

"Nitazame, mwanangu!" alipiga kelele. "Nikifa kwa heshima itakufaa nini?"

Nyamu aligeuka akamtazama. Tangu hapo alimtazama, na kazi ikaanza.

Haikuwa kazi nyepesi. Muthamia alikuwa mzito kama gunia lililonyeshewa. Miguu ilizama kwanza, kisha kiuno, kisha matumaini. Wanawake waliowahi kuja kuteka maji waliwakuta.

"Nyamu, umenasa kiboko?" aliuliza mmoja.

"Ni mkwe wake," alijibu mwenzake. "Anamloweka alainike."

Siku za nyuma Muthamia angalitoka majini akaenda zake mpaka Meru bila kusimama. Sasa alibaki pale, maji yakimtiririka masikioni, akawaacha wacheke. Aligundua jambo la ajabu. Kicheko chao kiliisha. Walijaza mitungi, wakamtakia mchana mwema, wakaenda. Kicheko alichokuwa amekikimbia miaka yote kilikuwa kifupi kuliko njia ya kwenda kisimani.

Kilichomuuma kilikuwa kingine. Alikuwa amemwambia Nyamu amweleze Kanana kila kitu. Jioni aliketi kwenye kibanda cha wavuvi upande huu, peke yake, akitazama ng'ambo. Moshi ulipanda kutoka jikoni kwa mwanawe. Aliutazama ukinyooka, kisha ukikonda, kisha ukiisha. Asubuhi Nyamu alipofika, mzee aliuliza kabla ya salamu.

"Amesemaje?"

"Amenyamaza, Mzee."

Siku iliyofuata pia alikuwa amenyamaza. Muthamia alimeza jibu hilo kama dawa ya mti. Alikuwa amempa mwanawe kimya, naye alikuwa akilipwa kwa kimya.

Siku moja, akiwa chali, masikio ndani ya maji, hakusikia chochote isipokuwa pumzi yake mwenyewe. Juu palikuwa na anga tu. Alikuwa mpweke kuliko alivyokuwa Kibirichia, lakini upweke huu haukumwogopesha. Ulimshika. Baadaye alinong'ona, "Nyamu, mkono wako uko wapi?"

Nyamu alikuwa amesimama mbali, mikono kifuani. "Niliutoa kitambo," alisema.

Walivuka siku iliyofuata. Muthamia aliketi katikati ya mashua, amezishika mbao za pande zote mbili mpaka vidole vikawa vyeupe. Mashua iliyumba, naye hakusimama. Kilima kikakaribia. Watu walikuwa wamejaa ukingoni, maana Beth alikuwa amesikia kwa wateka maji akatangaza. Mbele alisimama Peninah, bibi mwembamba mwenye fimbo. Nyuma yake alikuwa Kanana, na mtoto ameshikilia sketi yake.

"Mkwe, karibu," alisema Peninah kwa sauti. "Lakini nakuona umekauka. Mwiko ulikuwa wa maji, si wa mbao. Maji hayajakugusa. Nitajuaje kwamba hayatamdhuru mtoto?"

Nyamu alitia kasia majini kwa hasira. "Mama!"

"Mwache," alisema Muthamia. "Ni haki yake. Mimi ndiye niliyemfundisha." Upande ule pia palikuwa na ua wa miiba, na mashua ilikuwa imeingia ndani yake. Muthamia alivua koti, akavua shati mbele ya watu wote, wakwe na majirani.

"Mzee, hapa pana kina kirefu," alisema Nyamu kwa sauti ya chini.

Muthamia alijiachia.

Maji yalimfunika kichwa. Moyo wake ulitaka kupanda kwenye nguzo ambayo haikuwepo. Alikumbuka: legeza shingo. Akaibuka, akajilaza chali, akaanza kurusha miguu. Aliyachapa maji vibaya, kama mbuzi aliyetumbukia kisimani, lakini hakuzama. Shida yake ilikuwa moja. Mtu anayeogelea chali haoni aendako. Aliona anga tu. Alikuwa akizunguka, akielekea kwenye miiba bila kujua. Nyamu aliita, lakini sauti ilichanganyika na kelele za watu.

Kisha akasikia sauti moja juu ya nyingine zote.

"Baba! Huku! Baba, huku!"

Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia tangu siku ile ya chai. Aligeuza kichwa upande wa sauti akarusha miguu. Sauti ikaita tena, naye akaifuata kinyumenyume, bila kuona, mpaka mkono wa mtu aliyekuwa amesimama majini mpaka kiunoni ukamshika kichwa.

Alisimama. Maji yalimfika tumboni. Kanana alikuwa mbele yake, nguo zimelowa, uso wake haucheki wala haulii.

"Hakukuwa na mwiko," Muthamia aliwaambia watu wote, akihema. "Palikuwa na woga. Mtoto huyu harithi kitu kwangu ila jina."

Peninah aliigonga fimbo chini. "Ungesema, mkwe! Mimi naogopa kinyonga mpaka leo, na nimezaa wanane."

Watu wakacheka. Kanana hakucheka. Alivua leso yake akamfunika baba yake mabegani, kama anayemfunika mtoto aliyetoka kuoga.

"Siku ile ungeniambia, Baba," alisema polepole. "Ningevuka nije nikushike mkono."

Muthamia aliivuta leso ikamfunika vizuri. Alimtazama mjukuu wake. Mtoto alimwona mzee mweupe mwili, mweusi uso, anayedondoka maji, akaangua kilio akajificha nyuma ya bibi yake. Hilo nalo alistahili. Meno ya kwanza ya mtoto yalikuwa yameota bila yeye kuona, hatua za kwanza zilipigwa bila yeye kuwepo, na hakuna kuogelea kunakoweza kumrudisha mtu huko.

Hawakungoja hata chakula. Mchana uleule mashua iligeuzwa. Nyamu alishika kasia, Kanana akaketi mbele, na Muthamia akaketi katikati na wajina wake mapajani, akielekea zahanati. Mtoto bado alikuwa na kwikwi. Lakini mashua ilipocheza, alishika kidole gumba cha babu yake kwa mkono wake wote, akakibana. Muthamia hakusema kwamba na yeye alikuwa akiogopa. Kisha akabadili nia.

"Hata mimi," alimwambia mtoto. "Hata mimi naogopa. Nishike vizuri."

Kanana alisikia. Hakugeuka, lakini alinyoosha mkono nyuma, na mzee akaushika. Mkono huo ulikuwa wake kwa kuuomba tu tangu siku ya kwanza, na aliukosa miaka yote aliyoficha. Mficha uchi hazai.